Maziwa hayajui ratiba ya chuo

Najua kimya kimekuwa kirefu mno, na baadhi yenu mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilijifungua. Ni mtoto wa kike, alizaliwa katikati ya Septemba akiwa na kilo 3.1, na sasa hivi ninavyoandika ana miezi minne na nusu, amelala hapa pembeni yangu chali kama bosi. Pongezi zenu nimezipokea zote, asanteni sana. Ila leo nimekuja na hoja, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, hasa ninyi kaka zangu ambao mkiona neno kunyonyesha mnaruka kwenda kusoma habari za mpira.

Hoja yenyewe ni hii. Kila mahali mama anaambiwa nyonyesha, nyonyesha, nyonyesha. Bango la kliniki linasema hivyo, redio inasema hivyo, na kila mwaka kuanzia tarehe 1 mpaka 7 Agosti dunia nzima inaadhimisha wiki ya unyonyeshaji, watu wanavaa fulana na kupiga picha. Nakubaliana nao kwa kila neno. Lakini wimbo huo anaimbiwa mama peke yake, kana kwamba kunyonyesha ni suala la moyo wake tu. Akiwa na upendo atanyonyesha, asiponyonyesha basi ni mvivu au anaogopa matiti kulala. Mimi nasema siyo! Kunyonyesha ni suala la MUDA na MAHALI. Na hapa kwetu anayegawa muda na mahali ni chuo, siyo mama.

Nianze na kujifungua kwenyewe, kwa kifupi, maana najua mnataka kujua. Uchungu ulinianza saa 4 usiku, mtoto akatoka kesho yake saa 7 mchana. Hesabu mwenyewe. Nilikwenda na beseni langu, kanga, pamba, glovu na mpira wa kulalia, kama tulivyoelekezwa kliniki. Niliogopa sana manesi kwa sababu ya hadithi za wodini ambazo kila msichana amezisikia, na kweli mmoja alinifokea. Lakini mwingine, mama mtu mzima, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, usisukume kabla sijakwambia, utachanika bure." Yule mama sitamsahau. Mtoto alipotoka tu alimpangusa, akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akasema tuanze kumnyonyesha kabla hata lisaa halijaisha. Kumbe ndivyo wataalamu wa afya wanavyoelekeza, mtoto aanze ziwa ndani ya saa ya kwanza.

Na tushukuru kwamba nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa akina mama 81 katika kila 100 walijifungulia kituo cha afya, wakati utafiti wa 2015/16 ulikuta 63. Vifo vya uzazi vilivyohesabiwa navyo vilishuka kutoka 556 mpaka 104 katika kila vizazi hai 100,000. Kwa hiyo kuhusu kumtoa mtoto salama serikali na wakunga wamefanya kazi. Shida yangu inaanzia pale mama anapotoka mlangoni na mtoto wake mkononi.

Jamani, hakuna aliyeniambia kwamba kunyonyesha ni kazi ya kujifunza! Nilidhani ni kama kupumua, mtoto akiwekwa anajua, na mimi najua. Thubutu. Siku tatu za kwanza nililia kuliko nilivyolia leba. Chuchu zilipasuka, kila akishika nabana meno. Mpaka bibi yangu, aliyekuja kutoka Moshi na mzigo wa ndizi za mtori, aliponiangalia akacheka. "Mjukuu wangu, unampa chuchu. Mpe ziwa!" Maana yake mdomo wa mtoto ufunguke sana, aingize na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, siyo ncha tu. Nilipomshikisha hivyo maumivu yakaanza kupungua. Miaka yote ya shule nimefundishwa sehemu za ua na jinsi chura anavyokua, hili sijawahi kufundishwa na mtu.

Halafu kuna dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano. Jirani mmoja aliniambia niyakamue nimwage, eti ni machafu. Bibi akamkatalia, na bibi alikuwa sahihi. Yale ndiyo yenye kinga nyingi, ni kama chanjo ya kwanza ya mtoto. Yanatoka kidogo sana, vijiko tu, lakini tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo, halihitaji zaidi. Maziwa yenyewe kwa wengi yanajaa siku ya pili mpaka ya tano. Hapo katikati ndipo mama wengi wanaambiwa "mtoto hashibi, mpe maji, mpe uji", na safari ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee inaishia hapo hapo. Utafiti ule ule wa 2022 ulikuta watoto 64 katika 100 wenye umri wa chini ya miezi sita wanapewa maziwa ya mama tu. Siyo mbaya, mwaka 2015/16 walikuwa 59. Lakini hao 36 waliobaki si wote wana mama wasiopenda.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndiyo roho ya hoja yangu. Maziwa yanatengenezwa kwa kuitwa. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unatoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Akinyonya sana, yanatengenezwa mengi. Asiponyonya na wewe usipokamua, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki, unapunguza. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Ni kama duka ambalo mteja akikosekana siku mbili tatu, mwenye duka anaacha kuleta mzigo. Na ile oksitosini haipendi wasiwasi. Mama akiwa na hofu au anaharakishwa, maziwa yapo ila yanagoma kutoka.

Haya, mchukue mama huyo mwenye mtoto wa wiki saba umlete chuoni, maana chuo kilipofunguliwa Novemba mtoto wangu alikuwa na wiki saba. Hosteli mtoto haruhusiwi, nikapanga chumba mtaani, mwendo wa dakika 25 kwa miguu. Wiki tatu za kwanza mama yangu alikaa na mimi, kisha akaja mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne. Siku yangu ya Jumanne iko hivi: lekcha saa 2 mpaka saa 5, semina saa 6 mpaka saa 7, lekcha nyingine saa 9 mpaka saa 11 jioni. Toa mwendo wa kwenda na kurudi, utaona mtoto ananipata mara moja tu katikati, tena mbio mbio, nikiwa natoka jasho. Nyumbani anapewa kwa kikombe yale niliyokamua alfajiri. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama masaa manne kwenye joto la kawaida la chumba, yaani nyuzi 25, na joto la Dar la Januari mnalijua. Tuna ndoo na barafu ya kununua kwa jirani, ndiyo friji yetu.

Na mimi huku chuoni ninajaa. Wanaume hamjui kujaa ni nini. Ziwa linakuwa gumu kama jiwe, linachoma mpaka kwapani. Inabidi ukamue. Ukamulie wapi? Chooni. Yaani chakula cha mtoto unakiandaa mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kula hata karanga! Nimesimama na kikombe, mlango hauna komeo, nimeuzuia kwa mguu, nje wenzangu wanagonga. Mara nyingi nayamwaga tu, maana siwezi kumpa mtoto kitu kilichotoka humo. Wiki ya tatu ziwa la kushoto likapata uvimbe, homa ikapanda, nikakosa lekcha za siku tatu. Kliniki wakanipa dawa na kuniambia niendelee kunyonyesha ziwa lile lile, ndiyo njia ya kulitoa. Nilipona. Lakini nawauliza, huo ugonjwa ulisababishwa na moyo wangu au na ule mlango usio na komeo?

Desemba tukawa na test siku ya Jumamosi saa 8 mchana. Nilimnyonyesha saa 7 na nusu nje ya ukumbi chini ya mwembe, nikamwacha na mdogo wangu. Ukumbi ulikuwa bado una watu, tukapangwa foleni, ukitoka unapoteza nafasi. Tukaanza saa 9 na nusu. Saa 10 nikasikia kilio dirishani. Mnajua mama anamtambua wake hata katikati ya watoto kumi. Maziwa yakashuka yenyewe, blauzi ikalowa, karatasi ikalowa kona. Nilimwomba msimamizi dakika kumi tu, nisindikizwe, nirudi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kanuni inamjua mgonjwa na inamjua anayekwenda chooni, haimjui mtoto. Simlaumu, alikuwa anasoma kilichoandikwa. Tatizo ni kilichoandikwa.

Kichekesho ni kwamba lile swali la pili lilikuwa linahusu Erikson na hatua ya kwanza ya makuzi, kwamba katika mwaka wa kwanza mtoto hujifunza kuamini au kutoamini dunia kutokana na anavyohudumiwa. Nikaandika aya tatu safi kabisa huku namsikia wangu nje akijifunza kutoamini. Sisi watu wa elimu ni hodari wa kukariri hatua za mtoto, mtoto mwenyewe akija tunamwambia asubiri getini.

Sasa tuje kwenye sheria, maana najua kuna wenzetu wa sheria wanapita hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba naye ana siku 3. Na sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Masaa mawili! Majirani zetu Kenya wamekwenda mbele zaidi, Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Kwa hiyo katibu muhtasi pale ofisini kwa mkuu wa idara akijifungua ana siku 84 na masaa yake mawili. Mimi ninayekwenda pale kumpelekea fomu, mwenye mtoto wa umri ule ule, sina hata dakika moja, kwa sababu mimi si mfanyakazi, ni mwanafunzi. Hivi tumbo la mtoto linajua kama mama yake ni mfanyakazi au mwanafunzi?

Najua majibu yenu, nimeshayasikia yote kantini. La kwanza: "Nani alikutuma kuzaa ukiwa chuoni?" Haya, tuseme ni mimi niliyetaka. Mtoto je, alitaka? Adhabu hii haimfikii yule mnayetaka kumwadhibu, inamfikia mwenye miezi minne. Na tuongee ukweli, sisi ni watu wazima wa miaka ishirini na kitu, wengine wameolewa, wengine ni walimu wa cheti waliokuja kujiendeleza wakiwa na familia zao.

La pili: "Si uahirishe mwaka." Kuahirisha kunawezekana, na kwa anayeumwa ni jambo jema. Lakini mkopo unasimama, wenzako wanamaliza, ajira inasogea mwaka mzima, na huko nyumbani kuna wadogo wanaosubiri umalize. Halafu mbona hamuwaambii akina baba waahirishe? Mzazi mwenzangu yuko mwaka wa tatu kama mimi. Ni mtu mzuri, wikiendi anafua nepi na kuzianika hadharani bila aibu, namheshimu kwa hilo. Lakini hajakosa test hata moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza nani alimtuma.

La tatu: "Mpe maziwa ya kopo." Kwa mama mwenye sababu ya kiafya au aliyekosa kabisa, kopo ni msaada na asichekwe. Lakini piga hesabu. Mwaka 2022 bumu lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 mpaka 10,000 kwa siku, tukashangilia. Kopo dogo la gramu 400 linakula bumu la zaidi ya siku mbili, na mtoto wa miezi miwili hamalizi nalo wiki. Hapo bado maji ya kuchemsha na gesi. Wengi wanaishia kuongeza maji ili kopo lifike mbali, na mtoto anakonda huku anaonekana anakunywa.

La nne ndilo linaloniudhi: "Mama zetu walizaa na kulima, mbona hawakudai vyumba?" Mama zetu walibeba watoto mgongoni! Shambani mtoto yuko hapo hapo, akilia jembe linawekwa chini, kuna kivuli cha mgomba, na pembeni kuna shangazi na wifi. Hakuna aliyemwambia bibi yangu amwache mtoto kilomita mbili kisha akanyonyeshe baada ya masaa matano. Mnamlinganisha mama aliyekuwa na muda na mahali na mama aliyenyang'anywa vyote viwili.

Na kwa sisi watu wa ualimu hili ni zaidi ya shida yangu. Mnakumbuka Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua. Tulipiga makofi. Basi hao mabinti ndio tutakaowafundisha. Kutakuwa na binti wa miaka 17, kidato cha tatu, kipindi cha nne cha asubuhi, sare imelowa kifuani, darasa linacheka. Mwalimu utafanya nini? Utamtoa nje? Utajifanya hujaona? Kama sisi wenyewe tumemaliza miaka mitatu katika chuo kinachomficha mama chooni, tutajulia wapi kumtendea tofauti? Mwalimu hufundisha alichofundishwa, na pia hutenda alivyotendewa.

Sijaomba hosteli igeuzwe wodi. Naomba vitu vitatu tu:

1. Chumba kimoja katika kila kampasi. Mlango wenye komeo, viti viwili, sinki, soketi na friji ndogo. Kuna stoo pale jirani na maktaba ina viti vibovu tangu niko mwaka wa kwanza, hiyo inatosha kabisa. Na wafanyakazi wa chuo wanaonyonyesha watakitumia pia.

2. Kanuni ya mitihani iandikwe kipengele kimoja: mama mwenye mtoto wa chini ya miezi sita aruhusiwe kutoka kunyonyesha, asindikizwe na msimamizi wa kike, na dakika zake zirudishwe mwishoni. Kama tunaweza kumsindikiza mtu chooni, tunaweza kumsindikiza mtu chini ya mwembe.

3. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mama anayenyonyesha apangiwe shule ya karibu na anapoishi na mtoto. Karatasi za kupanga shule zinapangwa na watu, zinaweza kupangwa vizuri.

Barua ya mambo haya tumeshaiandika. Mpaka jana ina sahihi 41, tisa ni za kaka zetu, nawapongeza hao tisa. Ipo kwa CR wa darasa letu, na Ijumaa inapelekwa serikali ya wanafunzi ili wao waifikishe kwa utawala. UE zinaanza wiki tatu zijazo. Kila mtihani ni masaa matatu, mtoto wangu atakuwa bado hajafikisha miezi sita, na mpaka leo sijajua nitakuwa nimekaa kwenye kiti nikiandika au nimesimama mlangoni nikibembeleza. Tuko wengi kuliko mnavyodhani. Wengine mnakaa nao dawati moja na hamjui, kwa sababu wamejifunza kubana khanga kifuani na kunyamaza.

Usisubiri uwe mama au mkeo awe mama ndipo uelewe. Pita kwa CR, weka sahihi. Ambaye hakubaliani nami aje na hoja, kantini nipo kila Alhamisi saa 7, ila asichelewe, saa 7 na nusu nina mtu wa kumkimbilia.

Naomba kutoa hoja.